KUMTUNZA SAMAKI MGONJWA ALIYEKONDA: MAJI, LISHE NA LUGHA KATIKA MABWAWA YA KIRIAINI

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkumbusha msikilizaji kwamba jambo dogo machoni pa mmoja laweza kuwa kubwa mno kwa mwingine. Kwa mtu anayefuga samaki, hata hivyo, methali hiyo ina maana iliyo karibu zaidi na maneno yenyewe. Bwawa lililo nyuma ya nyumba, pipa la plastiki au hodhi la kioo sebuleni ndilo bahari nzima ya kiumbe kilichomo. Hakina pengine pa kukimbilia. Maji yakichafuka, kiumbe hicho huvuta uchafu huo kila kinapopumua. Maji yakipoa, mwili wake hupoa nayo. Ndiyo sababu tiba ya samaki haianzi kwa dawa wala kwa chakula, ila huanza kwa maji.

Makala haya yanaeleza namna ya kumtambua na kumtunza samaki mgonjwa aliyekonda. Mfano unaotumika ni wa mabwawa ya Kiriaini na viunga vyake, eneo la Mathioya katika Kaunti ya Murang'a, karibu na mpaka wa Nyeri, kwenye miinuko ya mashariki ya safu ya Nyandarua. Hali kadhalika, makala yanagusia suala la lugha, kwa kuwa mfugaji aliyepewa maelezo asiyoyaelewa hana tofauti na mfugaji ambaye hakupewa maelezo yoyote.

Samaki katika nchi ya milima

Ufugaji wa samaki si jambo lililozaliwa jana katika maeneo yanayouzunguka Mlima Kenya. Mnamo mwaka wa 1905, mlowezi Mwingereza Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Uskoti, na samaki hao wakatiwa katika mto Gura, unaoteremka kutoka Nyandarua kuelekea Nyeri. Trauti ni samaki wa maji baridi yanayokwenda kasi, na mito ya milimani ilimfaa. Ufugaji wa ngege katika mabwawa ya maji yaliyotulia ulianza nchini Kenya mwaka wa 1924. Baadaye, mwaka wa 1948, vikajengwa vituo viwili vya kutotoa vifaranga na kufanyia majaribio: kimoja Sagana kwa ajili ya samaki wa maji ya vuguvugu, na kingine Kiganjo kwa ajili ya trauti.

Pamoja na hayo, jamii ya Wakikuyu haikuwa na mazoea ya kula samaki. Hata neno linalotumika sana katika Kikuyu kumtaja kiumbe huyu, yaani thamaki, lina sura ya wazi ya neno la Kiswahili lililopanda mlima kutoka pwani. Katika miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwahimiza wananchi kula samaki kwa wingi, na mabwawa mengi yakachimbwa, ingawa mengi kati ya hayo hayakudumu. Msukumo mkubwa zaidi ulikuja mwaka wa 2009 kupitia mpango wa serikali wa kufufua uchumi. Mpango huo ulilenga kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, kila bwawa likiwa na ukubwa wa mita mraba 300. Watu ambao wazazi wao hawakuwahi kumgusa samaki wakajikuta wakiwa na mamia ya samaki nyuma ya kahawa na migomba yao.

Hapa ndipo tatizo lilipozuka. Mkulima wa Kiriaini humjua ng'ombe wake. Akiona pua imekauka, masikio yameinama na mbavu zimehesabika, hujua kuwa kuna jambo. Samaki hana masikio ya kuinamisha wala hatoi sauti ya kulalamika, na anaishi ndani ya maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mara nyingi mfugaji hugundua kuwa samaki wake ni wagonjwa siku anapowakuta wakielea matumbo juu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Samaki, hata bila kukusudia, ni bingwa wa kuficha maradhi.

Kukonda, kudumaa na kudhoofu

Kiswahili kina maneno matatu yanayomfaa sana mfugaji, iwapo atayatumia kwa makini. Kukonda ni kupoteza nyama mwilini. Kudumaa ni kusimama kukua. Kudhoofu ni kupungukiwa na nguvu. Samaki anaweza kupatwa na moja bila ya mengine, na kila moja lina chanzo chake.

Samaki aliyedumaa ni mdogo kuliko umri wake, lakini umbo lake ni kamili: kichwa, kiwiliwili na mkia vinalingana. Katika mabwawa ya ngege, hali hii husababishwa hasa na msongamano. Ngege hukomaa akiwa na umri wa miezi michache tu, na dume na jike wakiachwa pamoja huzaana kwa kasi. Katika muda mfupi bwawa la samaki mia kadhaa huwa na maelfu, wote wakigombea chakula kilekile. Samaki wa namna hii hahitaji tiba. Anachohitaji ni nafasi, na mfugaji hana budi kuwavua wadogo walio wengi au kufuga madume peke yao.

Samaki aliyekonda huonekana tofauti. Kichwa chake huonekana kikubwa kuliko mwili. Mgongo huwa mkali kama ukingo wa kisu, tumbo huingia ndani, na akitazamwa kutoka juu huwa mwembamba kuanzia nyuma ya mashavu. Huyu alikuwa na nyama akaipoteza, au alikula chakula kisichomjenga.

Ili kuepuka kukisia, wataalamu hutumia kipimo kinachojulikana kwa jina la Fulton. Uzito wa samaki kwa gramu huzidishwa kwa 100, kisha hugawanywa kwa urefu wake kwa sentimita uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Chukua mfano wa ngege mwenye urefu wa sentimita 15. Sentimita 15 mara 15 mara 15 ni 3,375. Ikiwa ana gramu 60, jibu ni takriban 1.8, na huyo ana afya. Ikiwa ana gramu 40, jibu hushuka hadi takriban 1.2, na huyo amekonda. Trauti ana umbo jembamba kwa maumbile, kwa hivyo jibu la karibu na 1 halipaswi kumtia mfugaji wasiwasi. Rula na mizani ya jikoni vinatosha kufanya kazi hii, mradi mikono na vyombo vilowe maji kwanza ili ute unaokinga ngozi ya samaki usibanduke.

Dalili za kudhoofu huonekana katika mwenendo. Samaki mgonjwa hujitenga na wenzake, huzubaa pembeni, hukunja mapezi yake mwilini, hujikuna kwenye mawe au chini ya bwawa, hutweta juu ya maji alfajiri, au hukimbilia chakula kisha akakitema. Kinyesi cheupe chembamba kama uzi huashiria utumbo usio na chakula, na pengine minyoo. Utando mweupe kama pamba mwilini ni kuvu. Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi ni vimelea. Matamvua, ambayo ni viungo vya kupumulia, yanapaswa kuwa mekundu mfano wa damu. Yakiwa ya rangi ya kahawia, yaliyopauka au yenye ute mwingi, samaki hapati hewa ya kutosha hata kama maji yanaonekana safi.

Maji kabla ya chakula

Kosa la kwanza la mwenye huruma ni kumwongezea chakula samaki aliyekonda. Kwa binadamu na kwa ndama, huruma hiyo ina mantiki. Kwa samaki, chakula kisicholiwa huzama, huoza na kuugeuza ugonjwa kuwa msiba. Ni muhimu kueleza sababu yake hatua kwa hatua.

Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua. Chakula kinachooza na kinyesi pia hutoa amonia. Gesi hii ni sumu, na ukali wake huongezeka maji yanapopata joto na yanapopungua asidi. Katika bwawa au hodhi lililokomaa, bakteria wa aina fulani huigeuza amonia kuwa naitraiti, na bakteria wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Naitraiti nayo ni sumu, kwani huingia katika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Ndiyo sababu damu na matamvua hugeuka kahawia. Katika chombo kipya, bakteria hao huchukua takriban wiki nne hadi sita kujijenga vya kutosha. Mtu anayenunua hodhi Jumamosi na kulijaza samaki Jumapili huwaweka wageni wake katika nyumba isiyo na choo.

Sababu ya pili ni joto. Samaki hana joto lake mwenyewe; mwili wake hufuata joto la maji. Ngege hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 30 za selsiasi. Chini ya nyuzi 20 hula kidogo, na karibu na nyuzi 16 huacha kula kabisa. Trauti ni kinyume chake: hustawi kati ya nyuzi 10 na 16, na hutaabika maji yanapozidi 20. Sasa tafakari hali ya Kiriaini mwezi wa Julai, ukungu unapofunika mashamba ya chai hadi saa tano za asubuhi. Ngege anayekonda wakati huo huenda hana ugonjwa wowote. Tumbo lake limelala kwa sababu ya baridi, na chakula anachomwagiwa kinaoza chini yake. Mfugaji aliye na kipimajoto hugundua hili kwa dakika moja, ilhali mfugaji asiye nacho hutafuta dawa kwa mwezi mzima.

Sababu ya tatu ni oksijeni. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji yenye joto, na maji ya nyanda za juu hubeba kidogo kuliko ya pwani yenye joto lilelile. Mimea ya majini hutoa oksijeni mchana, lakini usiku huitumia. Kwa hivyo saa ya hatari ni alfajiri kabla ya jua kuchomoza. Bwawa lililorutubishwa kwa mbolea nyingi hadi maji yakawa kijani kibichi laweza kuwa neema adhuhuri na kaburi alfajiri. Trauti huhitaji angalau miligramu 6 za oksijeni katika kila lita. Ngege huvumilia kiasi kidogo zaidi, lakini kuvumilia si kustawi.

Wasemao kuwa samaki mmoja akioza wote huoza wana haki ya kumtenga mgonjwa. Hata hivyo, katika bwawa mara nyingi mambo huenda kinyume. Maji ndiyo yaliyoharibika, na samaki wa kwanza kukonda ni mjumbe tu anayeleta habari za wenzake. Kumwondoa mjumbe bila kuyatazama maji ni kuichana barua bila kuisoma.

Hodhi la mgonjwa

Baada ya kuyachunguza maji ya bwawa, mgonjwa hutengwa. Hodhi la mgonjwa halihitaji gharama kubwa. Pipa safi la plastiki la lita 100, ambalo halijawahi kubeba dawa za kunyunyizia kahawa wala mafuta, linafaa. Linawekwa kivulini, mbali na kelele, na kufunikwa kwa wavu kwa sababu samaki mwenye hofu huruka. Kipande cha bomba pana huwekwa ndani ili apate pa kujificha, kwa maana hofu ya kudumu nayo humkondesha mnyama. Pampu ndogo ya hewa ni bora. Pasipo umeme, maji huchotwa kwa jagi na kumiminwa tena kutoka juu mara nyingi kwa siku.

Maji ya mfereji yaliyotiwa klorini hayatumiwi moja kwa moja, kwani klorini huunguza matamvua. Yanaachwa wazi katika chombo kipana kwa siku nzima, yakikorogwa mara kwa mara. Maji ya mvua yaliyotoka kwenye bati jipya au yenye vumbi jingi huepukwa. Kabla ya kumhamisha mgonjwa, joto la maji ya pipa hulinganishwa na la bwawa. Akisafirishwa katika mfuko, mfuko huo hueleshwa juu ya maji mapya kwa robo saa au zaidi, kisha maji mapya huongezwa humo kidogo kidogo. Haraka haraka haina baraka, na mabadiliko ya ghafla ya nyuzi chache tu yanaweza kumuua samaki ambaye ugonjwa wenyewe haukumuua.

Kila siku, robo hadi theluthi ya maji huondolewa pamoja na kinyesi na mabaki, na kurudishiwa maji yenye joto sawa. Maji yote hayabadilishwi kwa mkupuo. Wavu, ndoo na jagi la mgonjwa hubaki vya mgonjwa. Havirudi bwawani mpaka viwe vimeoshwa na kukaushwa juani.

Chumvi na dawa

Dawa ya kwanza ya samaki wa maji baridi ni chumvi, na kazi yake inaeleweka. Mwili wa samaki wa mtoni una chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka. Kwa hivyo maji huingia mwilini bila kukoma, na samaki hutumia nguvu kuyatoa na kuihifadhi chumvi yake. Mgonjwa hana nguvu za kupoteza. Chumvi kidogo katika maji humpunguzia kazi hiyo, huzuia naitraiti isiingie damuni kwa wingi, na huwadhuru baadhi ya vimelea na kuvu.

Kipimo cha kukaa nacho ni gramu 1 hadi 3 kwa kila lita. Katika pipa la lita 100, mfugaji huanza na gramu 100 zilizoyeyushwa kando, na huongeza hadi gramu 300 katika muda wa siku moja. Chumvi haiondoki maji yanapokauka hewani. Huondoka yanapochotwa tu. Kwa hivyo akibadilisha lita 30, huongeza gramu 90, na akifidia maji yaliyokauka, haongezi chumvi yoyote. Wengi huwaua samaki kwa kusahau hesabu hii. Chumvi inayotumika ni ya kawaida isiyo na viungo.

Viuavijasumu havinunuliwi kwa kukisia. Haviui minyoo wala kuvu, navyo huwaua bakteria wazuri wanaosafisha maji. Isitoshe, samaki wa bwawani ni chakula. Samaki aliyetibiwa kwa dawa haliwi wala hauzwi mpaka muda uliowekwa na daktari wa mifugo au afisa wa uvuvi upite. Daktari aliyepelekewa chupa ya maji ya bwawa, kumbukumbu za joto na samaki aliye hai ana nafasi kubwa ya kusaidia kuliko aliyepelekewa samaki aliyeoza tangu jana.

Mfugaji naye ajilinde. Baadhi ya bakteria wanaowakondesha samaki ni jamaa wa kifua kikuu, na wanaweza kumwingia binadamu kupitia kidonda cha mkononi na kuleta uvimbe usiopona upesi. Mwenye jeraha asitie mkono majini bila glavu, na kila mtu aoshe mikono kwa sabuni amalizapo.

Kumlisha mgonjwa

Maji yakishatengemaa, huja zamu ya chakula. Kwa siku moja au mbili za mwanzo mgonjwa halishwi. Samaki aliyezoea maji ya joto la wastani anaweza kustahimili siku kadhaa bila chakula. Hawezi kustahimili siku kadhaa katika amonia. Baada ya hapo huanzishiwa kiasi kisichozidi sehemu 1 kwa 100 ya uzito wake kwa siku: samaki wa gramu 100 hupewa gramu 1, tena kwa awamu mbili au tatu. Kisichomalizwa katika dakika kama kumi huondolewa. Akila vizuri kwa wiki moja, kiasi huongezwa taratibu hadi sehemu 2 au 3 kwa 100.

Ubora wa chakula una uzito kuliko wingi wake. Wafugaji wengi wa milimani huwapa ngege pumba za mahindi peke yake. Pumba hushibisha, lakini zina protini haba, ilhali ngege huhitaji chakula chenye protini ya takriban asilimia 25 hadi 32, na trauti huhitaji asilimia 40 au zaidi. Samaki anayekula pumba tu anaweza kukonda huku tumbo limejaa. Nyungunyungu waliochimbwa katika udongo usiotiwa dawa, wakaoshwa na kukatwa vipande, ni chakula bora cha kumwamshia mgonjwa hamu, kwa kuwa husogea na wana harufu. Mabuu ya inzi waliofugwa katika mabaki safi ya jikoni nayo yana protini nyingi. Mayai yaliyochemshwa huweza kutumika kwa vifaranga, ila huchafua maji upesi.

Mgonjwa hupimwa uzito mara moja kwa wiki, kwa kuwa kumshika kila siku ni kumtesa. Kipimo cha Fulton kikipanda kwa wiki tatu mfululizo, matamvua yakiwa mekundu na mapezi yamekunjuka, anarudishwa bwawani. Kisipopanda, au uti wa mgongo ukijipinda, au samaki akashindwa kusimama wima majini, ni utu kumaliza mateso yake kwa pigo moja la haraka kichwani. Mzoga huzikwa shimo refu mbali na maji. Hapewi mbwa, hatupwi mtoni, wala halishwi samaki wenzake.

Funzo kutoka Mexico

Kanuni hizi hazihusu samaki peke yao. Katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani hufugwa kiumbe aitwaye aksoloti, jamaa wa chura, ambaye asili yake ni maziwa na mifereji ya Xochimilco katika jiji la Mexico. Tofauti na chura, aksoloti huishi majini maisha yake yote akiwa na matamvua yanayochomoza nje ya kichwa kama manyoya. Amekuwa mashuhuri katika maabara kwa uwezo wake wa kuotesha upya mguu uliokatika. Hata hivyo, katika makao yake ya asili amebaki wachache mno, na amewekwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Anayemfuga aksoloti aliyekonda hupitia hatua zilezile. Humtazama kutoka juu: upana wa tumbo unapaswa kukaribiana na upana wa kichwa. Hupima joto, kwa kuwa aksoloti, mfano wa trauti, hupenda maji ya nyuzi 16 hadi 18 na huugua yanapozidi 24. Hupima amonia, hubadilisha maji, kisha humwekea nyungunyungu mmoja mbele ya kinywa na kungoja. Tofauti kubwa ni ngozi. Ngozi ya aksoloti ni laini na hupitisha dawa kwa urahisi, hivyo vipimo vya chumvi na dawa za samaki havihamishwi kwake vivi hivi. Funzo ni kwamba kanuni husafiri, bali kipimo hukaa kwa mwenyewe.

Suala la lugha

Mtaalamu wa Kiswahili anaweza kuuliza mambo haya yamuhusu nini. Jibu liko katika njia ambayo maarifa hupitia ili kumfikia mfugaji. Vijitabu vingi vya ufugaji wa samaki nchini Kenya vimeandikwa kwa Kiingereza. Afisa huvisoma, huvieleza kwa Kikuyu, na istilahi zisizo na kisawe hubaki katika Kiingereza zikielea katikati ya sentensi. Mkulima huondoka akikumbuka kuwa kuna kitu kinachopaswa kupimwa, bila kujua ni kipi.

Kiswahili hakikosi maneno. Ni lugha ya watu walioishi na samaki kwa karne nyingi. Pezi, gamba, tamvua, ute, kutweta, kuvua, chambo na kimia vyote vilikuwepo kabla ya bwawa la kwanza kuchimbwa milimani. Panapopungua ni katika maneno ya ufugaji na maabara, na hapo kuna kazi mbili tofauti. Kuna dhana zinazohitaji neno lililotoholewa, kama vile amonia na naitraiti, kwa kuwa ndilo litakaloandikwa kwenye kifurushi cha kipimo dukani. Kuna nyingine zinazohitaji neno la Kiswahili linaloonekana kwa macho: kipimajoto, hodhi la mgonjwa, vifaranga. Mwanaistilahi akitohoa kila kitu, mkulima hutengwa; akibuni kila kitu, mkulima hataweza kusoma kifurushi.

Tofauti ya kukonda na kudumaa iliyoelezwa hapo juu ni ushahidi wa kutosha. Mfugaji anayeyachanganya maneno hayo mawili humtibu samaki anayehitaji nafasi, na humpunguzia wenzake samaki anayehitaji tiba. Katiba ya mwaka wa 2010 iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Urasimi huo utakuwa na maana Kiriaini siku ambapo maelezo ya kuokoa bwawa yatasomeka na mtu anayelimiliki, kabla ya alfajiri samaki wanapotweta.

Hitimisho

Kumtunza samaki mgonjwa aliyekonda ni kufuata mpangilio: kutazama, kupima maji, kumtenga, kumpunguzia kazi kwa chumvi, kumlisha kidogo chakula kilicho bora, na kumpima tena. Atakayeanza mwishoni, kwa kumwaga chakula, atazika. Kila hatua ina neno lake katika Kiswahili, au inaweza kulipata. Imesalia kwa wanafunzi wa lugha hii kushuka hadi ukingoni mwa bwawa, wasikilize mfugaji anavyomwita kila kitu, kisha waandike.